Mwongozo kamili: kununua kobe wa kufuga Marekani bila kuvunja sheria ya inchi 4 (na bila kuugua)

Kiangazi kimoja tuliendesha gari masaa nane kwenda bichi na familia, watoto wamechoka, mimi nimechoka zaidi, tukaingia kwenye duka la zawadi, yale ya fulana tatu dola kumi. Mlangoni kuna karai la plastiki limejaa kobe wadogo, kila mmoja kazidi kidogo tu sarafu ya shilingi mia mbili. Mtoto wangu wa mwisho, miaka minne wakati huo, akang'ang'ania hapo. "Baba, kananiangalia mimi!" Basi tena.

Nikamuuliza muuzaji bei. Akasema kobe hauzwi bwana, unanunua hiki kitanki kwa dola 25, kobe unapewa bure, halafu nisainie hapa. Nikasaini, karatasi imeandikwa kwamba kobe ni kwa ajili ya elimu. Nikajiona mjanja nimepata ofa. Wiki mbili hazijaisha mtoto anaharisha, homa iko juu, tumbo linamkata, tukaenda hospitali wakachukua kinyesi, na siku chache baadaye napigiwa simu na mama mmoja wa idara ya afya ya kaunti, swali la pili tu ananiuliza: nyumbani mna nyoka, mjusi au kobe?

Mtoto alipona, shukrani kwa Mungu. Ila kwa sababu ya ile simu nilikaa nikasoma hii sheria mpaka nikaielewa, na nimeona wabongo na wakenya wengi huku wanaingia mkenge uleule, ndo maana naandika. Mimi sio wakili, ni mzazi tu niliyekanyagwa. Twende.

Hatua ya 1: jua sheria inasema nini na inamkamata nani

Sheria ya shirikisho ni ya mwaka 1975, ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Ukitaka kuitafuta namba yake ni 21 CFR 1240.62. Inasema hivi kwa kifupi: ni marufuku kuuza, kuweka kwa ajili ya kuuza, au kugawa kwa umma kobe hai ambaye gamba lake la mgongoni halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10 na kidogo. Mayai yake yenye uhai nayo hayauzwi.

Soma tena hapo kwenye "kugawa kwa umma". Ile ofa yangu ya nunua kitanki upewe kobe bure ni ujanja wa zamani sana na sheria ilishauziba. Bure ya dukani sio bure, ni biashara.

Sasa kitu ambacho wengi wanakichanganya: hii sheria inamfunga muuzaji, haimfungi mtoto wako. Kuwa na kobe wa inchi mbili sebuleni kwako sio kosa kwa sheria hii ya FDA. Anayevunja anaweza kupigwa faini mpaka dola 1,000, au kufungwa mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili, kwa kila kosa. Ila usishangilie mapema, maana jimbo lako linaweza kuwa na sheria yake inayokugusa wewe mwenye nyumba moja kwa moja, tutafika huko.

Vighairi vipo vinne tu. Kwanza matumizi ya kweli ya kisayansi, kielimu au maonyesho, na wameandika wazi kwamba kufuga nyumbani hakumo. Kwa hiyo ile karatasi niliyosaini dukani haina maana yoyote, mtoto wa miaka minne sio chuo kikuu, inamsaidia muuzaji kujificha tu na wewe unabaki umesaini uongo. Pili, mauzo ambayo sio ya kibiashara, mfano jirani anahama anakuuzia kobe wake mmoja. Tatu, kobe wa kupelekwa nje ya nchi, na boksi lazima liandikwe kwamba ni la eksipoti tu. Hapa ndo utaelewa kwa nini kule Louisiana kuna mashamba yanayozalisha vifaranga vya kobe kwa wingi kihalali kabisa, mzigo mkubwa unaenda Asia, ila kuna wanaochepuka njiani na hao ndo unakutana nao kwenye makarai. Nne, kasa wa baharini, hawamo kwenye sheria hii kwa sababu wana sheria zao kali kuliko hii, kwa hiyo usije ukasema kasa ameruhusiwa. Lugha yetu hapa imetusaidia, kobe na kasa tumeshawatenganisha zamani, Mwingereza anawachanganya mpaka anachanganyikiwa kwenye sheria.

Kobe wa nchi kavu wamo. Wa maji baridi wamo. Wote chini ya inchi 4.

Kwa nini inchi 4 na sio 3 wala 6

Hii sio hatua ila ukiielewa hutahitaji kukariri mengine. Miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70 kobe wadogo Marekani walikuwa wanauzwa madukani kama bigijii, unapewa na kibakuli cha plastiki chenye kisiwa na mnazi wa plastiki katikati. Watoto wakawa wanaugua salmonela, bakteria anayekaa tumboni mwa kobe bila kumdhuru kobe mwenyewe, anatoka na kinyesi anabaki kwenye maji na kwenye gamba. Mtoto mdogo anashika, anabusu, wengine wanaweka kobe mzima mdomoni. Wakachagua inchi 4 kwa sababu kobe wa ukubwa huo haingii mdomoni mwa mtoto na hachezewi kama gari la kuchezea. Baada ya marufuku makadirio yalikuwa kwamba wagonjwa kama 100,000 watoto waliepushwa kwa mwaka mmoja.

Kumbuka kobe wa inchi 5 anabeba salmonela vilevile. Sheria inapunguza hatari, haimsafishi kobe.

Na kabla ya kupiga marufuku walijaribu njia laini: mwaka 1972 walisema kobe wanaovuka majimbo lazima wawe na cheti cha kutokuwa na salmonela. Haikufanya kazi. Kobe hatoi bakteria kila siku, leo ukimpima yuko safi, kesho ukimsafirisha akapata msukosuko wa njiani anaanza kuwamwaga tena. Kwa hiyo muuzaji wa leo akikuonyesha karatasi kwamba kobe wake wamepimwa hawana salmonela, jua anakuuzia wazo lililoshindwa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Na sio hadithi za zamani. Mwaka 2007 kule Florida mtoto mchanga wa wiki chache alifariki kwa salmonela, na aina ileile ya bakteria ikakutwa kwa kobe wa nyumbani mwenye gamba la inchi moja na robo. Mwaka 2017 watu 76 kwenye majimbo 19 waliugua kwenye mlipuko mmoja uliohusishwa na kobe wa kufuga.

Hatua ya 2: angalia nani anaishi kwako kabla ya kuangalia kobe

Watu wanaanza na tanki, mimi nasema anza na watu. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanashauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mzee wa miaka 65 na zaidi, au mtu mwenye kinga dhaifu, isiwe na kobe kabisa. Hapo hatuongelei sheria, ni ushauri, ila ndo ushauri ambao ungeniokoa.

Sasa nyumba zetu tunazijua. Bibi kaja miezi sita kulea mjukuu, shemeji yuko kwenye dawa za saratani amefikia kwenu, jirani anaacha kichanga kwako akienda shifti ya usiku. Ukisema "sisi hatuna mtoto mdogo" fikiria mwaka mzima, usifikirie leo tu. Kama kuna mmoja kati ya hao anaingia na kutoka, subiri. Kobe anaishi miaka 20, 30, hana haraka.

Hatua ya 3: jimbo, kaunti, halafu mwenye nyumba

Sheria ya FDA ni sakafu tu, jimbo linaruhusiwa kuwa kali zaidi. Mifano michache:

Florida: yule kobe wa maji mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, wanamwita slaida, ambaye ndo kobe anayeuzwa kuliko wote, tangu 2007 huwezi kumnunua kumfuga hivihivi kama ni wa rangi yake ya kawaida, maana wakiachiwa wanazaliana na kobe wa hapo na kuharibu mbegu. Oregon slaida haruhusiwi kununuliwa, kuuzwa wala kukaa naye. New Jersey unahitaji kibali cha jimbo kufuga kobe wa aina nyingi. California ukiwa na kobe wa jangwani lazima awe na kibali, na haruhusiwi kuuzwa hata kidogo.

Tafuta idara ya wanyamapori ya jimbo lako, piga simu, uliza maswali matatu tu: aina hii naruhusiwa kuwa naye? Nahitaji kibali? Naruhusiwa kumpata kutoka jimbo lingine? Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Mimi nilikuwa naogopa kupiga simu ofisi za serikali, ile hofu yetu ya visa na makaratasi, ila hawaulizi hata jina lako, wanajibu tu na wengine wanafurahi umeuliza.

Baada ya hapo soma mkataba wa nyumba. Apatimenti nyingi zinaandika mbwa na paka kwenye ukurasa wa mbele halafu huko nyuma kwenye maandishi madogo wanakataza reptilia, au wanaweka kikomo cha galoni za tanki. Kobe halali kwa FDA na halali kwa jimbo bado anaweza kukutoa kwenye nyumba. Omba ruhusa kwa maandishi, meseji ya simu inatosha ilimradi umeitunza.

Na kobe wa porini muache porini. Ukimkuta anavuka barabara msaidie avuke upande aliokuwa anaelekea, basi. Majimbo mengi yanalinda kobe wa asili, hasa wale wa boksi wanaojifunga ndani ya gamba, na ukimchukua kinyume cha sheria ya jimbo halafu ukavuka naye mpaka kuingia jimbo lingine umeingia kwenye sheria ya Lacey ya shirikisho, ile ya biashara haramu ya wanyamapori, hiyo sasa sio ya dola 1,000.

Hatua ya 4: kwenda kupima

Beba rula. Sicheki, beba rula.

Kinachopimwa ni gamba la juu, kutoka ukingo wa mbele karibu na shingo mpaka ukingo wa nyuma juu ya mkia, kwa mstari ulionyooka. Kichwa hakihesabiwi, mkia hauhesabiwi. Wauzaji wajanja wanatumia futi ya cherehani wanaizungusha juu ya mgongo, kobe wa inchi tatu na nusu anageuka wa nne na zaidi. Njia rahisi: weka kobe kati ya vitabu viwili vimesimama wima, kimoja kiguse mbele kingine nyuma, mtoe kobe, pima nafasi iliyobaki kati ya vitabu. Kama hujabeba rula noti ya dola inakusaidia, urefu wake ni inchi 6 na kidogo, kwa hiyo kobe lazima afike theluthi mbili ya noti.

Kwa onlaini dai picha ya kobe akiwa juu ya rula, picha ya leo na kikaratasi cha tarehe pembeni. Matangazo mengi yana picha nzuri ya kobe kwenye kiganja bila kitu cha kulinganisha. Akiwa anakaa kwenye kiganja cha mtu mzima na nafasi inabaki, jua ni chini ya inchi 4. Na neno "kifaranga" au "kachanga" likitokea kwenye tangazo huhitaji hata rula: slaida anatoka kwenye yai akiwa na kama inchi moja hivi, anachukua miaka kufika nne.

Hapa ndo ukweli mchungu wa hii sheria. Kobe anayekufanya useme "jamani kazuri" ni yuleyule ambaye duka haliruhusiwi kukuuzia. Wa halali ni mkubwa, ana makucha, amechakaa kidogo, anakuangalia kama mzee wa baraza. Ukishalikubali hilo kazi iliyobaki ni nyepesi.

Hatua ya 5: wapi pa kumpata

Mimi ningeanza na vituo vya kuokoa reptilia na makazi ya wanyama kabla ya duka lolote. Sababu iko wazi, watu wananunua kadogo, miaka mitatu baadaye jike limefika inchi 8 linaelekea 10 au 12, maji yananuka, mtoto ameshahamia kwenye gemu, kobe anatupwa kituoni. Vituo vimejaa slaida wakubwa halali kabisa. Unalipa ada ndogo, unajaza fomu, wengine wanaomba picha ya tanki lako kwanza, vumilia, hao ndo watu wa kweli.

Ukitaka duka, chagua lenye anwani, leseni ukutani na risiti. Kwenye masoko ya mitumba ya wikendi, vibanda vya ufukweni, na mitaa ya biashara ya mkononi kama Santee Alley kule Los Angeles au Chinatown ya New York, kobe wadogo wamekuwa wakiuzwa miaka na miaka pamoja na marufuku yote. Kuuzwa hadharani hakumaanishi ni halali, kama tu zile dawa za kienyeji za stendi.

Maswali ya kumuuliza muuzaji, na mimi nayauliza kwa upole tu, "samahani kaka, naomba kuelewa":

- Ni aina gani, na gamba lina inchi ngapi? Asiyejua aina ya kobe anayemuuza ondoka.
- Amezaliwa shambani au ametoka porini?
- Utaniandikia risiti yenye aina, urefu na tarehe?
- Kwa nini nisaini karatasi ya elimu? (Hili ukijikuta unaliuliza tu, jibu umeshalipata.)

Kuhusu kusafirisha: posta ya Marekani haipokei kobe. Nyoka na kobe wameandikwa kwa majina kabisa kwenye orodha ya vitu visivyotumwa. Muuzaji wa kweli anatumia kampuni za mzigo za usiku mmoja, wanaokubali wanyama hai kwa masharti. Akikwambia "nitamtuma kwa posta, nitaandika ni toi", kimbia.

Kobe wa Sahel, na kobe wa kutoka nyumbani

Nawaona watu wanavutiwa na wale kobe wa nchi kavu wanaoitwa sulkata, "kobe wa Afrika", tunajisikia kama ndugu. Asili yao ni ukanda wa Sahel. Vifaranga vyake navyo haviuzwi chini ya inchi 4, na mkubwa anapita kilo 40, anachimba handaki kwenye yadi mpaka ukuta unaegemea. Kwenye apatimenti ya vyumba viwili huyo sio mnyama wa kufuga, ni mpangaji.

Kuna na hili halijulikani: tangu mwaka 2000 Marekani imezuia kuingiza sulkata, yule kobe madoa wetu wa kwenye mbuga, na mmoja mwingine wa Afrika mwenye gamba linalojikunja nyuma. Sababu ni kupe. Kupe wao wanaweza kubeba ugonjwa ambao wafugaji nyumbani wanauita maji moyo, unaua ng'ombe, na Marekani haupo na hawautaki. Hata ndani ya nchi, kuvuka jimbo na kobe wa aina hizo tatu unahitaji cheti cha daktari wa mifugo. Watu wanavuka nao kwenye buti ya gari bila kujua.

Halafu naomba tuelewane kuhusu kubeba kobe kutoka Tanzania au Kenya. Usibebe. Sheria ya CDC ya kuingiza inaruhusu mtu binafsi kobe wadogo wasiofika saba, kwa matumizi yasiyo ya biashara, na kuna watu wamesoma hapo tu wakaona njia nyeupe. Hiyo ni sheria ya salmonela peke yake. Nyuma yake kuna marufuku ya kupe, kuna vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, kuna ruhusa ya kutoa mnyamapori nyumbani ambayo hutaipata kwa kumpigia binamu simu. Yule kobe bapa kama chapati anayekaa kwenye nyufa za mawe huko bara, Tanzania na Kenya, mwaka 2019 amepandishwa orodha ya juu kabisa ya CITES kwa sababu wameokotwa wakapelekwa kwa wafugaji wa nje mpaka sehemu nyingine wamekwisha. Ukikamatwa naye uwanja wa ndege hutaongea na FDA, utaongea na watu wengine kabisa.

Walioko Canada: kwenu ni rahisi kukumbuka, kuingiza kobe yeyote kunahitaji kibali na hawatoi kwa ajili ya kufuga. Usivuke mpaka na kobe uliyemnunua Buffalo au Detroit. Walioko nchi za Umoja wa Ulaya, slaida na ndugu zake wako kwenye orodha ya viumbe vamizi tangu 2016, hauzwi, haruhusiwi kuzalishwa, inchi ngapi sio hoja.

Hatua ya 6: tanki kabla ya kobe

Nitapita haraka maana hii ina miongozo yake. Kanuni ya wafugaji ni galoni 10 za maji kwa kila inchi ya gamba, kwa hiyo kobe wa kwanza kabisa wa halali anaanza na tanki la galoni 40, sio kile kibakuli cha dola 25. Filta yenye nguvu, hita, sehemu kavu ya kuota joto, taa ya joto na taa ya UVB (mionzi kama ya jua) ambayo inabadilishwa hata kama bado inawaka, maana mwanga unabaki na ile UVB inaisha. Mimi vifaa vilinila zaidi ya dola 300, na kobe mwenyewe kituoni nilimlipia chini ya sehemu ya kumi ya hiyo.

Hatua ya 7: usafi, hapa msifanye mchezo

Maji ya kobe yachukulie kama maji ya chooni, na yamwage chooni. Sinki la jikoni hapana, ndo kosa nililofanya mimi, naosha kitanki juu ya sahani za jana. Karai la kuogeshea mtoto hapana kabisa. Kobe awe na ndoo yake, brashi yake, glavu zake, na zisihamie kwingine hata siku mna wageni na ndoo zimekuwa pungufu. Kila aliyemshika kobe au chochote kilichogusa maji yake, mikono sabuni na maji sekunde 20, na mtoto umsimamie usimwamini akisema ameshanawa. Hakuna kumbusu. Hakuna kumtembeza jikoni wala kwenye busati mnalolia chakula.

Dalili za salmonela zinatokea kati ya masaa 6 na siku 6 baada ya kuipata: kuharisha, homa, tumbo kukata. Wengi wanapona ndani ya siku 4 mpaka 7 bila dawa. Kinyesi kikiwa na damu, homa ikikaa juu, au mtoto akiacha kukojoa, hospitali, na mwambie daktari mapema kwamba nyumbani kuna kobe. Usifiche kwa kuogopa sheria, nimeshakwambia haikufungi wewe, na daktari akijua anapima kitu sahihi siku ya kwanza. Idara ya afya ikikupigia wajibu, na risiti yako ya hatua ya 5 ndo inawaonyesha duka lilipo.

Hatua ya 8: umeshanunua kadogo, ufanyeje

Wengi mtakuja kusoma hapa mkiwa tayari mmeshaingia. Usimwachie ziwani au kwenye mto. Majimbo mengi ni kosa, na slaida akizoea anawanyang'anya kobe wa asili sehemu za kuota jua na chakula. Usimtupe chooni, nimesikia watu wanafanya. Usimuuze onlaini ukajigeuza wewe ndo muuzaji, mara moja sio biashara, mara ya tatu nani atakuamini.

Njia mbili za maana. Kama nyumba haina watu wa hatua ya 2 na jimbo linaruhusu, mlee kwa masharti ya hatua ya 7 mpaka akue. Kama mtoto mdogo yupo, pigia simu kituo cha kuokoa reptilia au chama cha wapenda reptilia cha jimboni, sema ukweli kuhusu ukubwa wake, wao wamezoea na hawakushtaki. Sisi tulimpeleka. Mwanangu alilia njia nzima, na mimi nilimwambia ni mimi niliyekosea, sio yeye wala kobe.

Ukitaka kuripoti duka: FDA wana mratibu wa malalamiko ya wateja kwa kila jimbo, namba ziko kwenye tovuti yao, au idara ya afya ya kaunti. Piga picha ya karai, ya bei, ya ile karatasi ya elimu, andika anwani na tarehe. Ila nikuambie wazi kitu kilichonisumbua, sheria inawapa FDA uwezo wa kuamuru kobe hao waangamizwe chini ya usimamizi wao. Nilikaa na hiyo siku mbili kabla ya kupiga. Mwisho nilipiga, kwa sababu karai lile wiki ijayo linajazwa tena na kuna mtoto mwingine wa miaka minne mlangoni.

Hatua ya 9: mkihama

Leo tuna jike la slaida la inchi 7 kutoka kituoni, mtoto ana miaka tisa, analipenda kuliko lile la kwanza maana hili linajua saa ya kula na linagonga kioo. Mwaka jana kazi ilitaka kutuhamishia Oregon na nilikuwa nimeshaanza kuangalia nyumba, nikakumbuka hatua ya 3. Kwa hiyo kabla hujasaini ofa ya kazi jimbo lingine, piga ile simu ya maswali matatu kwa jimbo unalokwenda, na kama jibu ni hapana, mtafutie kobe nyumba mapema, angalau miezi miwili kabla, kwa sababu vituo vina foleni na kobe wa inchi 7 hachukuliwi na mtu ndani ya wikendi moja.